Kikapu cha Wengi na Wizi wa Kalamu



Mhariri ameniomba niandike somo juu ya kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, yaani kazi ya bima ya motokaa. Najua wengine mtasema, "Bima yatuhusu nini sisi, ambao hata baiskeli hatuna?" Jibu langu ni kwamba bima yamhusu kila mtu apitaye kando ya barabara kwa miguu yake. Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza sikilizeni hadithi fupi.

Mama aliyezikwa akiwa hai

Katika kijiji kimoja upande wa Koboko palikuwa na chama cha kuzikana. Watu 40 walikuwamo, na kila mwezi kila mtu alitoa shilingi 5,000. Fedha ziliwekwa katika sanduku la bati kwa mzee mmoja mwaminifu. Mwanachama akifiwa, alipewa shilingi 500,000 za kununua jeneza na chakula cha matanga.

Siku moja mwanachama mmoja, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alileta habari kwamba mama yake amefariki kwao alikozaliwa, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Wazee walisikitika sana. Sanduku lilikuwa na shilingi 600,000. Wakatoa 500,000 wakampa.

Hazikupita wiki mbili, mwanachama mwingine akafariki kweli. Mjane wake alipofika kwa mzee wa sanduku, alikuta shilingi 100,000 tu. Jeneza halikupatikana. Marehemu alizikwa katika mkeka wa kuazima, na mkeka wa kuazima uliokwenda kaburini haurudi. Mjane akabaki na deni la mkeka.

Baada ya miezi michache, bibi mmoja mzee alishuka katika lori la mnadani, kuku kwapani, akasalimu watu wote kwa furaha. Alikuja kumtazama mwanawe. Watu walinyamaza kimya. Ndipo mzee wa sanduku akasimama, akasema kwa adabu, "Karibu, mama. Sisi tulikuzika mwezi wa tatu."

Watu wakisikia hadithi hii hucheka. Mjane hacheki. Nawaomba mmkumbuke huyo mjane mpaka mwisho wa somo hili, kwa maana habari yote ya wizi wa bima ni habari yake.

Bima ni nini?

Bima ni chama cha kuzikana kilichokua kikawa kikubwa, hata wanachama hawajuani. Watu wengi huogopa hasara moja. Kila mmoja hutoa kidogo katika kikapu kimoja, na yule anayepatwa na hasara huchukua katika kikapu hicho. Kampuni ya bima ni mzee wa sanduku: yeye hushika kikapu, huandika daftari, naye hupata ujira wake. Lakini fedha nyingi zilizomo ni za wenye kutoa.

Desturi hii ni ya kale. Wafanyaji biashara wa baharini waliijua zamani, kwa sababu merikebu moja ikizama, tajiri mmoja aliweza kuwa maskini kwa usiku mmoja. Mjini London mwishoni mwa karne ya 17, wenye merikebu walikutana katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, na kutoka mkahawa huo likatokea soko kubwa la bima linaloitwa Lloyd's mpaka leo. Motokaa zilipoingia duniani, hatari mpya iliingia nazo. Mwaka 1930 Uingereza ilitunga sheria kwamba mtu asiendeshe motokaa barabarani bila bima ya kuwalipa wale atakaowaumiza. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza zilifuata mfano huo.

Kwetu Uganda sheria inayotumika katika jambo hili ilitungwa mwaka 1989. Inamlazimisha kila mwenye motokaa au pikipiki kuwa na bima ya mtu wa tatu, ambayo watu barabarani huiita "thadi-pati". Je, huyo mtu wa tatu ni nani? Mtu wa kwanza ni mwenye motokaa anayenunua bima. Mtu wa pili ni kampuni inayoiuza. Mtu wa tatu ni mgeni kwao wote wawili: mama atokaye sokoni na kikapu kichwani, mtoto avukaye njia kwenda shule, kijana wa bodaboda aliyegongwa kwa nyuma. Mtu wa tatu hakulipa kitu, wala hakusaini karatasi yo yote, lakini sheria imemwekea fungu lake. Basi wewe mwanafunzi usiye na baiskeli, mtu wa tatu ni wewe.

Ipo na bima kubwa zaidi, ambayo mtu huinunua kwa hiari yake. Hii hulipa pia motokaa yake mwenyewe ikivunjika, ikiungua au ikiibiwa.

Fungu dogo la mtu wa tatu

Fungu la mtu wa tatu si kubwa. Sheria ile ya 1989 pamoja na kanuni zake iliweka kikomo cha shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja, na shilingi 10,000,000 kwa ajali moja nzima. Mtu aliyevunjika paja anajua kwamba milioni moja huisha upesi. Lakini kwa mtu asiye na kitu, hiyo milioni ndiyo nauli ya kwenda hospitali, ndiyo chuma cha kuunga mfupa, ndiyo chakula cha watoto wakati baba amelala.

Sasa tufanye hesabu. Motokaa ya abiria imepinduka kati ya Arua na Koboko, na watu 10 wameumia sana. Fungu la ajali nzima ni shilingi 10,000,000, kwa hiyo kila mmoja aweza kupata hadi 1,000,000. Lakini mtu mwerevu ameongeza majina ya watu 5 ambao siku ile walikuwa nyumbani kwao wakipalilia mihogo. Kikomo cha ajali hakiongezeki kwa kuwa majina yameongezeka. Wakigawana sawasawa watu 15, kila mmoja atapata kama shilingi 666,000. Yaani kila aliyeumia kweli amepoteza zaidi ya shilingi 333,000, naye amelala kitandani, hajui hata kwamba ameibiwa.

Namna za udanganyifu

Nimekaa nyuma ya meza ya bima muda mrefu, na yafuatayo ndiyo yanayojulikana zaidi katika kazi hii.

Ya kwanza ni stika ya bandia. Mtu hununua kwa bei rahisi karatasi iliyochapwa kichochoroni, akaibandika kwenye kioo. Askari wa trafiki akitazama kwa mbali huiona ni nzuri. Siku ya ajali ndipo inapojulikana kwamba nyuma ya karatasi ile hakuna kampuni, hakuna kikapu, hakuna kitu. Pengine mwenye motokaa mwenyewe alidanganywa na wakala mwongo aliyetia fedha mfukoni. Lakini kwa yule aliyegongwa ni mamoja.

Ya pili ni tarehe ya uongo. Bima imekwisha Jumatano, ajali imetokea Jumamosi, na Jumatatu mtu anakwenda kununua bima mpya na kuomba iandikwe tarehe ya Ijumaa.

Ya tatu ni abiria wa karatasi, wale watano wa mihogo niliowataja. Habari za namna hii zimesikika mara nyingi katika mahakama za Kenya, katika kesi za ajali za matatu: matatu yenye viti 14 inapata abiria wengi kuliko viti vyake.

Ya nne ni kubadili dereva. Motokaa iliendeshwa na kijana asiye na leseni, lakini karatasini yaandikwa kwamba aliyeshika usukani ni mjomba wake mwenye leseni.

Ya tano ni kuzidisha. Jeraha dogo linakuwa ulemavu, bampa moja lililopondeka linakuwa na mlango, taa na injini. Watu wengi wasioweza kuiba hata kuku hufanya hili bila haya, na kusema, "Nimelipa miaka yote, acha nirudishe changu."

Ya sita ni motokaa "iliyoibiwa". Sisi tulio karibu na mipaka miwili, ya Kongo na ya Sudani Kusini, hatuna haja ya kuelezwa sana jinsi motokaa inavyoweza kuuzwa ng'ambo usiku, na asubuhi mwenyewe akaenda polisi akilia.

Ya saba ni ajali ya kutengeneza. Hii imeenea sana katika miji mikubwa ya nchi za mbali. Mtu huenda mbele ya motokaa ya mwingine, akafunga breki ghafula ili agongwe, kisha akadai fidia. Uingereza uovu huu ulizidi hata mwaka 2012 polisi wa City of London wakaanzisha kikosi maalum cha kupambana na wizi wa bima. Na msidhani ni mchezo wa mabati tu. Mwaka 2003, mjini New York, mama mmoja mwenye umri wa miaka 71 alikuwa akiendesha motokaa yake kwa amani. Watu waliotaka fedha za bima walimgonga kwa kusudi. Motokaa yake ikaacha njia ikapiga mti, naye akafa. Mwaka 2019 jimbo la New York likatunga sheria ya kuwaadhibu watengenezaji wa ajali, na sheria hiyo huitwa kwa jina lake la kwanza, Alice.

Nani hulipa?

Watu husema, "Kampuni ni tajiri. Nikichukua milioni moja, nani ataumia?" Basi tufanye hesabu tena, kwa mfano wa kubuni.

Watu 100 wenye malori wana kikapu chao. Kila mmoja hutoa shilingi 60,000 kwa mwaka. Jumla ni 6,000,000. Katika mwaka hutokea ajali 4 za kweli, kila moja ya shilingi 1,200,000, jumla 4,800,000. Karani, daftari na nyumba ya ofisi ni shilingi 1,200,000. Kikapu kimetosha, hakuna deni.

Mwaka wa pili wanatokea watu 3 wenye madai ya uongo, kila mmoja shilingi 800,000. Jumla ya uongo ni 2,400,000. Sasa kikapu kinatakiwa kuwa na 8,400,000. Kwa hiyo mwaka wa tatu kila mtu ataambiwa atoe shilingi 84,000.

Je, watu wote watatoa? La. Madereva waangalifu, ambao hawajapata ajali tangu waanze kazi, watasema, "Bei imekuwa ghali, nami sijapata kudai hata senti." Tuseme 16 kati yao wanatoka. Ajali hazitapungua, kwa sababu waliotoka si wale wenye kugonga. Watu 84 waliobaki watagawana zile 8,400,000, na kila mmoja atalipa shilingi 100,000. Tazameni: waongo walikuwa 3 tu, lakini mtu mwaminifu ametoka shilingi 60,000 akafika 100,000, na malori 16 yako barabarani bila bima hiyo. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba pia hukimaliza.

Tena kuna gharama isiyoandikwa katika hesabu, nayo ni kuchelewa. Kampuni iliyodanganywa mara tatu haimwamini mtu wa nne. Inataka karatasi hii na ile, inatuma mchunguzi, inaandika barua, inangoja majibu. Yule mtu wa nne huenda ni mjane wa kweli, naye anaambiwa, "Rudi mwezi ujao."

Na kikapu chaweza kupasuka kabisa. Majirani zetu wa Kenya wameyaona haya kwa macho. Kampuni ya United Insurance, iliyokuwa imebeba bima za matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Invesco, nayo ya matatu, iliingia katika kufilisiwa mwaka 2024. Sababu za kuanguka kwa makampuni ya namna hii ni nyingi: usimamizi mbaya, kushindana kwa bei ndogo isiyotosha, na mzigo wa madai, ya kweli na ya uongo yakichanganyika. Lakini matokeo ni yale yale. Watu walioumia walibaki na hukumu za mahakama mikononi, karatasi nzuri zenye muhuri, bila wa kuzilipa. Na wenye matatu waliokuwa wamelipa bima zao kwa uaminifu walijikuta wakidaiwa wao wenyewe.

Siku niliyoombwa tarehe

Sasa nitawaambia jambo lililonipata mimi. Sitataja ofisi wala mtu.

Jumatatu moja asubuhi aliingia ofisini mtu niliyesoma naye darasa moja. Tulikuwa tumelala bweni moja na kula posho sahani moja. Alikuwa na pikapu ya kubeba mihogo na samaki. Aliketi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, Jumamosi jioni nimemgonga kijana wa bodaboda. Amevunjika mguu, yuko hospitali. Bima yangu ilikwisha Jumatano, nikasahau. Niandikie ya Ijumaa."

Nikamwambia, "Siwezi."

Akasema, "Sikuombei kwa ajili yangu mimi. Fikiri habari ya yule kijana. Ukiandika Ijumaa, yeye atalipwa. Ukiandika leo, yeye atakosa. Kalamu ni yako. Je, ni vema akose?"

Ndugu wasomaji, sikuwa na jibu la upesi. Kama angaliniomba kwa ajili ya tumbo lake, ningalimkatalia bila shida. Lakini alichosema kilikuwa kweli: kijana alikuwa amelala pale, na tarehe moja ingaliweza kumsaidia. Nilikaa nikiitazama kalamu.

Kisha nikaliona faili lililokuwa mezani. Lilikuwa la mwanamke ambaye mumewe aliuawa na lori. Karatasi zake zote zilikuwa sawa, walakini alikuwa amengoja miezi mingi, kwa sababu kabla yake watu wawili walileta vyeti vya vifo vya uongo, na wakubwa walikuwa wameagiza kila cheti kichunguzwe upya. Nikamwambia mwenzangu, "Fedha unazotaka nimpe kijana wako si zangu, wala si za tajiri. Ni za huyu. Umeendesha siku tatu bila kutoa kitu kikapuni, na sasa unataka kikapu kimlipe mtu uliyemwumiza wewe. Uza ng'ombe, umtibu."

Aliondoka kwa hasira. Aliuza ng'ombe wawili, akalipa sehemu ya gharama. Yule kijana leo anatembea kwa fimbo. Mwenzangu hakunisalimu kwa miaka. Sisemi kwamba nililala vizuri usiku ule. Nasema tu kwamba, nikikumbuka, kosa halikuanza Jumatatu mezani kwangu. Lilianza Jumatano, mtu mwenye fedha ya kununua mafuta aliposema, "Bima nitanunua kesho."

Kalamu ni ya nani?

Jambo moja nililojifunza katika kazi hii ndilo ninalotaka mlishike. Wizi wa bima haufanywi kwa panga wala kwa bunduki. Hufanywa kwa kalamu. Mtu asiyejua kusoma hawezi kuiba bima peke yake, hata akitaka. Lazima apate karani wa kumwandikia tarehe, askari wa kumwandikia habari ya ajali, mganga wa kumwandikia jeraha, wakili wa kumwandikia dai, fundi wa kumwandikia bei ya bampa, mchapaji wa kumchapia stika. Na hao wote wametoka wapi? Wametoka katika madarasa kama haya yetu. Kijana anayejifunza leo kuandika insha nzuri atakuwa kesho mtu wa kuombwa "mstari mmoja tu". Kwa hiyo somo hili laweza kuwafaa ninyi kuliko wenye malori.

Tena msidhani ya kwamba sheria imelala. Katika Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda, kupata mali kwa kudanganya kwaweza kumfunga mtu hata miaka 5, na kughushi maandishi hata miaka 3. Na njia ya mwongo ni fupi, leo fupi kuliko zamani. Tanzania, kwa mfano, mamlaka ya bima imeweka njia ya mtu ye yote kuihakiki stika kwa simu au kompyuta yake.

Makampuni nayo

Haki ina pande mbili, nami sitaki kuandika kama mtetezi wa makampuni. Mwaka 1766 jaji mmoja wa Kiingereza, Lord Mansfield, alieleza kanuni ambayo bado ndiyo nguzo ya bima: kwamba mapatano haya yanahitaji uaminifu mkamilifu, na kwamba hakuna upande ulio na ruhusa ya kuficha ajualo. Kanuni hiyo humfunga mwenye bima, na humfunga mwenye kampuni vilevile. Kampuni inayokataa dai la kweli kwa visingizio, au inayomchosha mkulima asiyejua sheria mpaka akate tamaa, inaiba katika kikapu kile kile. Mwenye kuonewa namna hiyo asijilipe kwa uongo. Uganda iko Mamlaka ya Kusimamia Bima, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017, nayo hupokea malalamiko ya watu dhidi ya makampuni.

Mambo ya kufanya

Barabara yetu ya lami kutoka Vurra, kupitia Arua na Koboko hata Oraba, ni kilomita 92. Zamani mashimo yalikuwa yakituzuia kwenda mbio. Sasa hakuna la kutuzuia ila akili. Malori ya Kampala, pikipiki za vijana wa Inde na Arua, na motokaa za kwenda mipakani, zote zimo humo. Basi yafaa tujue haya.

Ukinunua bima, nunua kwa kampuni au wakala mwenye idhini, upewe risiti yenye jina lako, namba ya motokaa na tarehe. Stika ya bei rahisi kuliko za wote ni ghali kuliko zote.

Ukivuka mpaka kwenda Aru au Ariwara, uliza habari ya Kadi ya Njano ya COMESA. Mapatano yake yalifanywa mwaka 1986, ikaanza kazi mwaka 1987. Kadi hiyo humlinda mtu wa tatu wa nchi nyingine, na Kongo imo. Mwenye kadi ya bandia akimgonga Mkongo, amemwacha mtu asiyeweza hata kuvuka mpaka kumtafuta.

Ajali ikitokea, andika mara moja namba ya motokaa, namba ya stika, majina ya mashahidi na saa. Piga ripoti polisi siku ile ile. Andika uliyoyaona, usiandike uliyoambiwa.

Ukiulizwa ushahidi wa ajali ambayo hukuiona, sema, "Sikuiona." Neno hilo moja limeokoa fedha nyingi za wajane.

Na mtu akikujia na karatasi, akakwambia, "Tia mkono hapa tu, ni jambo dogo," mkumbuke yule bibi mwenye kuku kwapani. Siku moja kila mama aliyezikwa kwa uongo hushuka katika lori, na watu wote hunyamaza wakimtazama mwanawe.

Maswali

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: mtu wa kwanza, mtu wa pili na mtu wa tatu katika bima ni nani?

2. Basi limepinduka na watu 12 wameumia. Kikomo cha ajali nzima ni shilingi 10,000,000. Wakigawana sawasawa, kila mmoja atapata ngapi? Wakiongezwa abiria 8 wa karatasi, kila aliyeumia kweli atapoteza ngapi?

3. Katika mfano wa malori 100, kwa nini ajali hazikupungua watu 16 walipotoka?

4. Taja watu watatu wenye kalamu ambao mdanganyifu wa bima huwahitaji. Je, kazi mojawapo ni ile unayoitamani wewe?

5. Kama ungalikuwa mimi Jumatatu ile, ungaliandika tarehe gani? Jadilianeni darasani, na kila upande umkumbuke kijana wa bodaboda na mjane wa faili.